Meli Iliyozidi Usafi

Kwa miaka ishirini na sita, mtu akigongesha gari lake mtaani pale alikuwa na mahali pamoja tu pa kukimbilia, kwa Kioo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na madereva, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Alikuwa fundi wa rangi, tena fundi hasa, wa kupiga msasa mpaka kidole kiteleze, apulizie, asubiri, apige msasa tena. Doa la ukubwa wa punje ya ufuta lilimnyima usingizi. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe akifika mbinguni ataanza kwa kukagua rangi ya lango.

Kisha mapafu yakamgomea. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akavua miwani, akamwambia bila kuzunguka, "Mzee, hiyo mashine ya kupulizia rangi iweke chini. Wewe na yeye basi."

Mtu wa kazi ukimkalisha kitako ni sawa na kumfunga kamba. Wiki ya kwanza Kioo alipaka rangi viti vyote vya nyumbani. Wiki ya pili akapaka geti, ndoo, na mpini wa jembe. Alipoanza kuitazama meza ya chakula kwa jicho la pembeni, mkewe akaona sasa balaa inaingia ndani. Mwanamke huyo alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda chake karibu na stendi ya mabasi, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni moja alirudi na fungu la mbao nyembamba alizopewa na seremala, akaziweka mbele ya mumewe pamoja na picha ya zamani iliyokunjika kona.

"Hii ndiyo meli aliyofanyia kazi marehemu baba," akasema. "Alikuwa mchochea tanuri. Nitengenezee."

Ilikuwa meli ya mvuke ya mtoni, ya mbao, yenye sitaha mbili, gurudumu la makasia nyuma na dohani moja ndefu ya kutolea moshi. Kioo aliifanya kwa miezi minane, kwa brashi na msasa tu. Ilipokamilika ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka kwapani mpaka ncha za vidole. Aliipaka nyeupe mara saba. Dohani akaipaka nyekundu, na kwenye mashavu ya mbele, kulia na kushoto, akaandika kwa dhahabu jina aliloweza kulisoma kwenye picha, TUTAFIKA. Akaiweka juu ya kabati la sebuleni, na kila mgeni aliyeingia alikuwa haruhusiwi kukaa kabla hajaitazama.

Mwezi ule ule mama mkwe wake akaja kukaa nao. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ilimpangia kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia kwanza. Walimkalisha kwenye kochi linalotazamana na kabati. Kila asubuhi Kioo alimwamkia, naye baada ya kuitikia alisema kwa adabu, "Na meli yako nayo, mwanangu, nzuri mno." Kioo akavimba kichwa. Kumbe bibi wa watu alikuwa anaona wingu jeupe tu juu ya kitu cha kahawia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili walimtoa bandeji, wakamrudisha nyumbani na miwani myeusi na chupa ya dawa ya matone. Alivua ile miwani mlangoni, akasimama, akaangalia huku na huku kama mtu aliyeshuka nchi ya ugenini.

"Mwanangu!" alimwambia binti yake. "Kumbe una mvi!"

"Ninazo miaka mitano, Mama."

"Na mkwe wangu, kumbe ndiyo sura yako hii? Mimi nilijua una ndevu."

Waliangua kicheko. Akawaonyesha utando wa buibui juu ya pazia, akawaonyesha ufa wa ukutani ambao wao wenyewe hawakuwahi kuuona. Mwisho akafika kwenye kabati. Akaweka mikono nyuma, akainama, akaizunguka meli upande huu, akaizunguka upande ule. Kioo alisimama nyuma yake akingoja sifa kama mtoto anayengoja peremende.

"Mkwe wangu," akasema yule mama polepole, "hii meli imekufa?"

"Imekufaje, Mama?"

"Maana maiti ndiye anayeoshwa hivi."

 Binti yake akakohoa. "Mama, ni meli ya baba hiyo. Kwani wewe uliwahi kuiona?"

"Kuiona? Nimeifulia miaka tisa. Mashuka, vitambaa vya meza, kofia ya nahodha, yote haya hapa." Akainua viganja vyake.

"Si ulituambia ulikuwa unafua hotelini!"

"Ilikuwa hoteli," akajibu mama yake, "ila inaelea."

Sasa mkwe hajibiwi. Kioo alisema "Sawa, Mama," akatoka nje kufagia uwanja uliokuwa umefagiliwa asubuhi. Alifagia kwa hasira mpaka kuku wa jirani wakahama. Mkewe alipomfuata, akamwaga yaliyomo moyoni. Miezi minane! Mara saba! Mikono imekufa ganzi! Na mtu anakuja na jicho moja, tena jipya, anasema maiti!

Mkewe alimsikiliza mpaka akachoka. Kisha akasema, "Mimi nilikuomba meli ya baba yangu, mume wangu. Wewe ukanipa gari la harusi. Ni zuri, sikatai. Lakini mwenye kuijua ameshasema."

Kioo hakulala vizuri, na asubuhi aliamka na uamuzi. Kama uchafu ndio unaotakiwa, uchafu basi. Mkewe alipokwenda kibandani na mama mkwe akiwa bado chumbani, aliishusha meli, akachanganya rangi ya kahawia na nyeusi, akafumba macho kwa maumivu na kuanza kuipaka huku na huku kwa tambara. Alipomaliza, alirudi nyuma kama mtu aliyechinja mnyama wake aliyemfuga.

Mama mkwe akatoka, akaiona, akakaa chini. Akacheka. Akacheka mpaka akashika jicho kwa kiganja, akihofia nyuzi za daktari zisifumuke.

"Jamani! Hii imetumbukia chooni!"

"Si ulisema ni safi mno, Mama?" Kioo akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa karibu kuvuka mpaka wa heshima.

Yule mama akaacha kucheka. Akaona uso wa mkwe wake. Akapiga kochi kwa kiganja, maana yake njoo ukae hapa. Kioo akaleta kigoda badala yake, akakaa kwa mbali kidogo, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe.

"Sikiliza, mwanangu. Nisamehe kwa lile neno la jana, ulimi hauna mfupa. Lakini mimi uchafu ndio kazi yangu. Miaka yote nimekula kwa uchafu. Uchafu hautokei tu. Kila doa lina aliyelileta. Nikishika shati nilijua, huyu amekula amesimama, huyu ameegemea kamba, huyu amelia akajifutia mkono. Na meli ni vivyo hivyo. Leta hicho kitu hapa, nikwambie nani alichafua wapi."

Kioo akatia tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, kwenye tambara, akafuta ile kahawia yote kabla haijashika, akaileta meli mezani. Siku hiyo hawakula mpaka saa tisa.

Masizi, alisema mama mkwe, hayawezi kukaa kila mahali. Meli inakwenda mbele, moshi unabaki nyuma. Kwa hiyo dohani ni nyeusi mdomoni na mgongoni, na paa la nyuma yake ndilo jeusi kuliko yote. "Ndiyo maana mashuka niliyaanika mbele. Upepo ukigeuka, basi, ninaanza kufua upya na kumtukana baba yake mkeo, aliyeko tanurini." Kutu nayo haipandi, inashuka. Inaanzia kwenye msumari au kwenye tundu la mnyororo wa nanga, inateremka kama machozi, imekolea juu na kufifia chini. Ubavuni, karibu na maji, kuna mstari wa tope, na juu ya mstari huo kuna mstari mwingine mwembamba wa mwaka ambao mzigo ulizidi. Reli za mkono zimechakaa rangi pale tu watu wanapozishika, na ngazi zimelika katikati. Sitaha ya juu haikuwa chafu hata kidogo. Ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga kila asubuhi mpaka ubao ukawa wa kijivu.

"Hapo umepatia," akasema, "ila uing'oe hiyo vanishi. Nani aliwahi kutembea juu ya kioo?"

Kioo aliinua kichwa kusikia jina lake, kisha akatabasamu bila kutaka.

Basi akaanza kujifunza kazi yake kinyumenyume. Alisaga mkaa kwenye kinu kidogo, akauchekecha kwa kitambaa, akaupaka mgongoni mwa dohani kwa brashi kavu ya vipodozi aliyoipora kwenye kabati la mkewe. Alisaga tofali kupata rangi ya kutu. Rangi ya tope aliizimua kwa tina mpaka ikawa kama chai ya mgonjwa, akaipitisha juu ya mbao, kisha akaifuta kuelekea chini, ikabaki kwenye mianya tu. Reli alizisugua kwa msasa laini pale ambapo mkono ungeshika. Alijaribu kushika kwa vidole viwili akijifanya abiria mdogo. Vanishi aliyobaki nayo tangu enzi za kazi ilikuwa ya kung'aa tu, kwani fundi wa magari ana haja gani na nyingine? Alihangaika nayo siku mbili, hatimaye akachanganya na poda ya watoto, ikatoka imefifia vizuri kama ubao ulionyeshewa mvua miaka mingi.

Kitu kimoja kilimshangaza. Alikuwa hafi moyo. Doa lililokaa mahali pake lilimpa raha ile ile aliyoipata zamani akiliondoa. Alijikuta anapiga mluzi. Mkewe akasikia akiwa jikoni, akasimamisha kisu juu ya kitunguu, akasikiliza. Mumewe hakuwa amepiga mluzi tangu siku ya daktari.

Taa zilikuwa wazo la mke. "Kama ni kuifanya iwe hai, basi iwe na mwanga," alisema Jumamosi moja, akafungua mkebe wake wa vitaa vidogo kama punje za mtama, aliokusanya kutoka kwenye simu na redio mbovu. Nyaya zilikuwa nyembamba kama unywele. Tatizo ni kwamba Kioo alikuwa amegundisha paa la ukumbi wa abiria kwa gundi ya kufa na kuzikana. Alilichokonoa kwa kisu chembamba nusu saa nzima, jasho likimtiririka, na lilipokubali kutoka lilipasuka pembeni, kra!  Kioo alikitazama kile kipande, akachukua bati jembamba la kopo, akakata kiraka, akakigonga pale kwa vijisumari.

"Hapo hapakuwa na kiraka," akasema mama mkwe.

"Sasa kipo, Mama."

"Haya. Kipo."

Mkewe alilehemu nyaya mezani, miwani ya kukuzia ikiwa imemkaa puani, na Kioo akimshikilia kila waya kwa kibano. Walipofunga mapazia mchana ule na kuwasha kwa mara ya kwanza, matokeo yalikuwa ya kuchekesha. Mwanga haukutoka madirishani tu, ulipenya kuta zenyewe, meli nzima ikawaka kama taa ya karatasi. Ubao ulikuwa mwembamba mno. Wakazima. Kioo akabandika ndani ya kila chumba karatasi za fedha za kufungia chokoleti, akazipaka nyeusi kwa upande wa ukutani. Kazi hiyo ilikula siku nne, kwa sababu ilibidi kwanza chokoleti iliwe, na katika hilo mama mkwe hakuwa na mpinzani.

Mara ya pili walipowasha, madirisha yalijitokeza moja moja, manane juu na sita chini, na taa nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia. Kioo akashika mdomo. Mkewe akasema, "Haya, Mama. Hiyo?"

Mama mkwe aliinama karibu na madirisha. Kisha akanyoosha kidole chake chenye makunyanzi kwenye dirisha dogo la sitaha ya chini, karibu na tanuri. "Hili ndilo la chumba changu cha kufulia. Taa yake siyo hii. Umeme ulikuwa wa abiria. Mimi nilikuwa na taa ya mafuta, tena yenye chemni iliyoungua. Ilikuwa njano, njano ya ugonjwa."

"Mama, nani ataona tofauti?"

"Mimi nitaona. Jicho limepasuliwa la nini?"

Binti akacheka, akakichomoa kitaa, akakipaka matone mawili ya vanishi iliyotiwa rangi ya machungwa, akaongeza rezista ili kififie. Alipokuwa analehemu akauliza bila kuinua kichwa, "Lakini ulikuwa unawasha taa ya nini? Kufua si kazi ya mchana?"

Mama yake alijifuta jicho kwa upindo wa kitenge, jicho la kushoto, siyo lile la upasuaji. "Baba yako alikuwa anamaliza zamu magharibi. Shati lake lilikuwa jeusi kuliko sufuria. Alikuwa na shati moja tu, masikini, kwa hiyo ilibidi alisubiri likauke. Nami ningefanyaje, nimkalishe mtu gizani?"

"Ulisema mlikutana sokoni!"

"Tulikutana sokoni pia," akasema mama. "Hiyo ilikuwa mara ya pili."

Mkewe Kioo akaweka chini chuma cha kulehemu. Miaka hamsini na mbili ameishi duniani akiamini ni mtoto wa sokoni. Alimtazama mama yake, akatazama lile dirisha dogo, akaenda akamkumbatia kwa nguvu mpaka bibi akalalamika kwamba mbavu hazijafanyiwa upasuaji. Kioo alijifanya anatafuta brashi.

Kitaa kiliporudi mahali pake kilikuwa hafifu, cha njano ya ugonjwa kweli, na mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Ikabaki sehemu moja tu ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja, yale maandishi ya dhahabu. Kioo alikuwa ameyachora kwa brashi yenye nywele tatu. Siku mbili kabla ya kuondoka kwake, mama mkwe akaitaja mwenyewe, kwa upole.

"Hiyo T ya kwanza ya kushoto, mwanangu, haikuwepo."

"Haikuwepo vipi?"

"Mji wetu ulikuwa ng'ambo moja ya mto, na meli ya mtoni hutia nanga ikiutazama mkondo. Kwa hiyo ubavu wa gatini ni ule ule daima, wa kushoto, na shavu la mbele ndilo linalogusa kwanza. Likachubuka, T ikaondoka. Upande wa pili bado inasema TUTAFIKA. Upande wa gatini, ambao abiria wanauona wakipanda, inasema UTAFIKA. Watu walikuwa wanamfuata nahodha kumuuliza, je, na wewe utatusindikiza au ndiyo tunakwenda wenyewe?"

Kioo alicheka mpaka akakohoa. Akachukua kipande cha msasa, akakikunja, akakiweka juu ya ile herufi. Kisha akakitoa. Akakiweka tena. "Kwa jina la Mungu," akasema, akasugua kuelekea nyuma, kama gati inavyosugua. Dhahabu ikatoka, nyeupe ikatoka, ubao mtupu ukaonekana. Hakusimama hapo, alipitisha mkwaruzo mrefu ubavuni mwote, akapaka alama ya mpira mweusi pale ambapo matairi ya gatini yangegusa. Hilo la matairi hakuambiwa na mtu. Mama mkwe aliliona, akamtazama kwa lile jicho lake jipya, akasema, "Ehe. Sasa unaona."

Asubuhi ya safari Kioo alitaka kuifunga meli kwenye boksi ili mgeni wao aondoke nayo. Mama mkwe akakataa katakata. "Nimeitumikia miaka tisa, leo nianze kuipangusa vumbi? Kaeni nayo. Nikija kwa jicho la pili nitaikagua."

Walifika stendi mapema, wakakaa kwenye benchi, mkewe akaenda kufungua kibanda chake hapo karibu. Mabasi yaliingia na kutoka. Kioo, kwa mazoea, alikuwa anayatazama ubavuni.

"Lile," akasema mama mkwe, akionyesha kwa kidevu. "Limegusa mti."

"Siyo mti, Mama. Mti huacha mstari mmoja. Ile ni ng'ombe, amejikuna."

"Ng'ombe wa urefu ule?"

"Basi limeinama upande huo, spring imekufa."

Yule mama akaangalia vizuri, akafumba jicho bovu, akaangalia tena. "Ni kweli," akasema. "Imekufa." Akasogea karibu kidogo kwenye benchi, akaweka kikapu magotini. "Haya, na lile jekundu linaloingia?"